Jinsi ya Kubuni Bango la Filamu ya Kutisha: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wazo Hadi Kiwandani

Filamu ya Jaws ilipotoka mwaka 1975, bango lake lilikuwa na vitu vitatu tu: mwanamke anayeogelea juu ya maji, papa mkubwa anayepanda kutoka chini yake, na jina la filamu kwa herufi nyekundu. Mchoro wenyewe haukuanzia kwenye sinema. Roger Kastel aliuchora kwa rangi za mafuta kwa ajili ya jalada jepesi la riwaya ya Peter Benchley iliyochapishwa na Bantam, na ndio huohuo uliohamia kwenye bango. Utazame kwa makini. Yule mwanamke hajui lolote, anaendelea kupiga maji kwa raha zake. Papa hajamgusa na hakuna hata tone la damu. Tunaojua ni sisi tunaotazama, na mwili unatusisimka kwa sababu tuna habari ambayo hatuna njia ya kumfikishia.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya kugusa kompyuta: bango zuri la kutisha hufanya kazi kwa kumwachia mtu swali ambalo hawezi kulijibu bila kuiona filamu. Je, atafikiwa? Katika bango la Alien, ndani ya lile yai kuna nini? Katika lile la The Exorcist, yule mzee mwenye kofia anaingia kwenye nyumba ya nani? Kava nyingi za DVD za filamu zetu za Bongo zilifanya kinyume. Waigizaji wote, moto, radi, fuvu, damu na makaburi vilibanwa mahali pamoja, na mtazamaji akamaliza kila kitu palepale dukani.

Mwongozo huu ni kwa yeyote mwenye filamu fupi, tamthilia au mfululizo wa YouTube, awe anatumia Photoshop, GIMP au programu ya kwenye simu. Ili tusiongee hewani, tutatengeneza bango moja la mazoezi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisa ni hiki: familia ya watu wanne imehamia nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji, na kidogo kidogo wanagundua kwamba nyumba ile ina mkaaji mwingine.

Hatua ya 1: Itafute hofu yenyewe, kisa kiweke kando

Kisa ni kile kinachotokea. Hofu ni kile kitakachomfanya mtu azime taa kwa shida usiku huo. Kisa cha Jaws kina mkuu wa polisi, meya, mvuvi na siasa za mji wa pwani, lakini hofu yake ni moja tu: kuna kitu chini ya miguu yangu nisichokiona. Kisa cha Rosemary's Baby ya mwaka 1968 ni kirefu. Hofu yake ni mama kumwogopa mtoto aliye tumboni mwake.

Andika hofu ya filamu yako kwa sentensi moja. Ikiwa sentensi ina jina la mhusika, bado uko kwenye kisa, irudie. Kwa filamu yetu ya mazoezi nitaandika: «Kuna mtu tunaishi naye na hatumjui.» Sentensi hii ibandike mbele yako. Kila utakachoweka kwenye bango kiulizwe kama kinaitumikia. Kama hakiitumikii, kitoke, hata kama mtayarishaji anakipenda.

Hatua ya 2: Rudi nyuma hadi dakika moja kabla

Wabunifu wengi hukimbilia kilele: jini limetokea, kisu kimechomwa, mtu anapiga mayowe. Rudi nyuma. Bango la The Exorcist la mwaka 1973, lililobuniwa na Bill Gold, linamwonyesha padri aliyesimama na mkoba wake usiku chini ya taa ya barabarani, mbele ya nyumba ya mtaa wa Georgetown jijini Washington. Mwanga unamwangukia kutoka dirisha la juu. Basi. Msichana aliyepagawa, ambaye ndiye habari yote ya filamu, hayupo kabisa. Mwongozaji William Friedkin aliijenga picha ile kwa kuvutiwa na mchoro wa René Magritte wenye nyumba ya usiku chini ya mbingu ya mchana, na ukiuona mchoro huo utaelewa kwa nini mwanga wa dirisha lile hauleti faraja yoyote.

Alien ya mwaka 1979 ilifanya vilevile. Kuna yai linaning'inia gizani, limepasuka kidogo, na mwanga wa kijani unavuja kupitia ufa. Yai lile halifanani hata na mayai yaliyomo ndani ya filamu, na hakuna aliyedai arudishiwe fedha. Waliolibuni, Philip Gips na Stephen Frankfurt, walijua kwamba kazi ya bango ni kuleta hisia ya filamu, na hisia hiyo ilikuwa kitu kinachokaribia kuzaliwa.

Fanya hivi: andika matukio matatu makali ya filamu yako, kisha kwa kila moja uliza kilichokuwapo dakika moja kabla. Mlango ulikuwaje? Nani alikuwa amelala? Nini kilikuwa mezani? Picha yako imo humo.

Hatua ya 3: Kitu cha kawaida chenye kasoro moja

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, tukae kidogo.

Kitu kigeni kabisa hakitishi sana, maana hatukijui na hatukai nacho. Kinachotisha ni kitu cha nyumbani kilichoharibika mahali pamoja tu. Katika bango la Rosemary's Baby kuna kigari cha mtoto. Kila mzazi anakijua. Lakini kimewekwa juu ya mwamba, peke yake, kivuli cheusi mbele ya uso wa mama uliofunikwa na rangi ya kijani. Katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991 kuna uso wa msichana na mdudu nondo, vitu viwili visivyo na ubaya. Kasoro ni kwamba nondo ametua mdomoni, msichana hana pa kusemea. Ukisogea karibu, alama ya fuvu mgongoni mwa nondo imeundwa kwa miili ya wanawake, picha iliyotokana na kazi ya Philippe Halsman na Salvador Dalí ya mwaka 1951. Mtu wa mbali anapata hofu ya kwanza, wa karibu anapata ya pili.

Sasa turudi kwenye nyumba yetu ya kupanga. Kitu gani cha kawaida kinaonyesha idadi ya watu waliomo ndani? Ndala mlangoni. Piga picha ya kizingiti cha sakafu nyekundu ya saruji, ile inayong'arishwa kwa rangi ya sakafu. Panga ndala za baba zilizolika kisigino, za mama, na jozi mbili ndogo za watoto, moja ikiwa na kamba iliyoungwa kwa waya. Halafu weka jozi ya tano pembeni kidogo, imelowa, imeacha kidimbwi cha maji chini yake, wakati sakafu nyingine yote ni kavu.

Utashawishika kuongeza nyayo za maji zinazovuka kizingiti kuelekea ndani. Usiongeze. Nyayo zinamwambia mtazamaji kwamba kiumbe kimeingia, na swali limekwisha. Ndala peke yake zinamwacha ahesabu mwenyewe, na yule anayehesabu mwenyewe ameshanaswa. Vivyo hivyo usiweke macho mekundu gizani nyuma ya mlango. Kasoro ikiwa moja, jicho huitafuta na kuikuta. Zikiwa tatu, mtazamaji anaona mapambo.

Nikiri kwamba kuna mabango yaliyofanikiwa kwa kumwaga kila kitu. Nchini Ghana, miaka ya 1980 na 1990, wenye sinema za kuzungukazunguka na televisheni, deki ya video na jenereta waliwapa mafundi kazi ya kuchora mabango kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Mafundi wale walichora vichwa vilivyokatwa, nyoka na damu tele, wakati mwingine vitu ambavyo havimo katika filamu yenyewe. Yana nguvu ya ajabu na leo yanatafutwa na wakusanyaji wa sanaa. Lakini mazingira yao yalikuwa tofauti: katika kijiji ambako filamu inapita usiku mmoja tu, bango lilibeba peke yake mzigo wa kuita watu. Wewe una trela, una Instagram, una status ya WhatsApp. Bango lako linaweza kunyamaza zaidi.

Hatua ya 4: Ukubwa, mwelekeo na giza tupu

Katika Jaws mwanamke ni mdogo mno na papa ni mkubwa kupita ukweli. Kosa hilo la vipimo ni la makusudi. Pua ya papa inaelekea juu moja kwa moja, nayo jicho la mtazamaji inalipeleka kwa mwanamke bila kulipa nafasi ya kupumzika.

Kwa hiyo amua mambo mawili: nini ni kikubwa, na jicho lisafiri kuelekea wapi. Katika bango letu ndala zitakaa chini, zichukue kama theluthi moja ya urefu. Theluthi mbili za juu ni mlango uliofunguka kidogo, na ndani yake giza. Mteja atakuomba uijaze sehemu hiyo kwa sura za waigizaji. Mweleze kwa upole kwamba giza lile ndilo mhusika mkuu. Binadamu akiona giza lenye mlango hulijaza mwenyewe, na atakachokiweka humo kitamtisha kuliko chochote unachoweza kuchora.

Hatua ya 5: Mwanga na rangi

Anza na chanzo kimoja cha mwanga. Jua na taa tumezizoea kutoka juu, ndiyo maana uso uliomulikwa kutoka chini unaonekana wa mtu mwingine. Mwanga wa nyuma humgeuza mtu kuwa kivuli chenye umbo bila sura. Mwanga wa pembeni huuacha nusu ya uso gizani. Chagua mmoja kati ya hiyo na usichanganye. Kwa ndala zetu, tochi ya simu iliyolazwa sakafuni upande wa kushoto inatosha. Vivuli vitakuwa virefu na maji yatameremeta.

Rangi zisizidi mbili, moja itawale na nyingine ichome. Nyekundu ni kali, lakini ikitapakaa kila mahali inageuka kuwa ukuta tu. Nyeusi siyo lazima: bango la The Shining la mwaka 1980, kazi ya Saul Bass, ni la njano, rangi ya jua na ya watoto, na ndani ya herufi za jina kuna uso wa vitone unaotukodolea macho. Kijani cha Rosemary's Baby na cha Alien kina kitu cha ugonjwa ndani yake. Kwa nyumba yetu nitachukua wekundu wa sakafu uliofifishwa kuelekea kahawia, kisha kamba za ndala ya tano ziwe za bluu kali, peke yake katika picha nzima.

Jambo moja linalonikera sana katika kazi zetu: mbunifu akitaka bango litishe, analitia giza mpaka nyuso za waigizaji weusi zinapotea kabisa, yanabaki meno na macho. Hiyo si taharuki, ni upigaji picha mbovu. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga unaoakisi. Weka taa pembeni au nyuma kidogo, mpake mwigizaji mafuta kidogo kwenye mfupa wa shavu na paji la uso, na uache mng'ao ule uchore umbo la uso. Giza liwe nyuma yake.

Hatua ya 6: Kama lazima uweke uso

Wakati mwingine mkataba wa mwigizaji unataka uso wake uwepo, na si vibaya. Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza kwamba kitu kinachokaribia sana kufanana na mtu bila kufika hutuchukiza kuliko kitu kisichofanana kabisa. Tumia hilo. Chukua nusu ya uso, igeuze kama kwenye kioo na uunganishe pande mbili: uso ulionyooka kupita kiasi unasumbua bila mtazamaji kujua sababu. Au ondoa mng'ao mdogo wa taa uliomo ndani ya mboni, macho yatakufa papo hapo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni bango la filamu ya Us ya mwaka 2019. Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzetu wa ukanda huu, ameshika barakoa yenye sura yake mwenyewe, na nyuma ya barakoa anatokwa machozi. Hofu yote imo katika uso mmoja uliotokea mara mbili.

Hapa naomba usikie kwa uzito. Usitumie ualbino, makovu ya moto, ulemavu au uzee wa bibi mwenye macho mekundu kama kifupisho cha uovu. Katika nchi zetu watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina, na wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Picha unayoibandika ukutani inaingia katika vichwa vilevile. Mtisho unaopatikana kwa kumwelekezea jirani kidole hauna ubunifu wowote ndani yake.

Hatua ya 7: Herufi za jina

Acha fonti zinazochuruzika damu. Zimetumika mpaka zimekuwa za sherehe za watoto. Herufi za Psycho, zilizotengenezwa na Tony Palladino kwa jalada la riwaya kisha zikahamia kwenye filamu ya mwaka 1960, ni nene na za kawaida, ila zimekatwa na vipande vikahama kidogo. Unasoma jina na akili iliyovunjika kwa wakati mmoja. Alien ilikwenda njia nyingine, herufi nyembamba zilizoachana mbali, baridi.

Kanuni ni ileile ya ndala: herufi ya kawaida, kasoro moja. Punguza nafasi kati ya herufi mbili tu, shusha moja chini ya mstari, au futa sehemu ndogo ya kiungo. Majina ya Kiswahili mara nyingi ni marefu, kwa hiyo jaribu kuyapanga mistari miwili kabla ya kuyapunguza ukubwa. Hakikisha pia fonti uliyochagua ina alama ya ng' iliyokaa vizuri, na kwamba leseni yake inaruhusu biashara.

Hatua ya 8: Kaulimbiu

Kaulimbiu ya Alien, iliyoandikwa na Barbara Gips, inasema kwamba angani hakuna atakayekusikia ukipiga mayowe. Haielezi kisa hata kidogo. Inakuondolea tumaini la kusaidiwa.

Maneno yasirudie picha. Yapingane nayo. Kwenye bango letu, chini ya jozi tano za ndala, naandika kwa herufi ndogo: «Humu ndani tuko wanne.» Mtu atasoma, atarudi kuhesabu, na atahesabu tena. Ukiandika «Wapangaji wapya, siri ya zamani, hofu isiyoisha» umeua kila kitu. Maneno manne hadi manane yanatosha. Yasome kwa sauti: kama mtu hawezi kuyasema katika mazungumzo ya kawaida, yafute.

Hatua ya 9: Lijaribu kabla hujamwonyesha mteja

Lipunguze mpaka litoshe kwenye kidole gumba, maana wengi wataliona kwenye simu. Jina linasomeka? Kasoro inaonekana? Ligeuze kuwa la rangi ya kijivu. Kama umbo limepotea, rangi zilikuwa zinaficha udhaifu wa mwanga. Kisha mwonyeshe mtu asiyeijua filamu kwa sekunde tatu, ulifiche, umuulize anajiuliza nini. Usimuulize kama ni zuri, atakusifu tu. Akisema «Za nani zile?» umefika. Akianza kukusimulia kisa kizima, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 10: Kiwandani

Mabango ya giza huharibikia hapa, kwa hiyo usiharakishe. Bango la kawaida la sinema la Marekani ni inchi 27 kwa 40, lakini viwanda vyetu vingi vya uchapaji vitakupa saizi za karatasi za A3, A2 au A1, ambazo ni pana kidogo kwa uwiano. Buni kwa saizi utakayochapa. Kwa A2 yenye nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 4961 kwa 7016, pamoja na milimita 3 za ziada kila upande zitakazokatwa.

Wino mweusi peke yake, ukitandazwa kwenye eneo kubwa, hutoka kama kijivu kilichochoka, na mlango wetu utaonekana kama ubao wa shule. Changanya: nyeusi asilimia 100, ongeza samawati 60, majenta 40 na njano 40. Jumla hiyo ni asilimia 240, bado iko salama kwa karatasi ya kung'aa. Herufi ndogo nyeusi ziache na wino mweusi tupu, la sivyo zitaonekana zenye ukungu rangi zikihama kidogo. Rangi kali za kioo, hasa kijani na bluu inayowaka, hazichapiki jinsi zilivyo. Geuza faili kuwa CMYK, yaani mfumo wa wino nne za kuchapia, mapema, uone bluu ya ile kamba itabaki na nguvu kiasi gani, urekebishe mwenyewe badala ya kumwachia mashine.

Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kazi yote, na uitazame chini ya taa ya mahali litakapotundikwa. Ukumbi wenye taa hafifu utameza kidimbwi cha maji chini ya ndala, na bila kidimbwi hakuna bango; ongeza mwanga wa sehemu hiyo hata kama kwenye kompyuta unaona umezidi. Andika daraja la umri ulilopewa na Bodi ya Filamu Tanzania, au na KFCB, bodi ya kuainisha filamu, kama uko Kenya, mahali panaposomeka. Na kama ukuta wenyewe unatazamana na shule ya msingi, tafuta ukuta mwingine.